Kikombe cha Lars

Nilipokuwa mtoto nilikunywa na mtu aliyekufa. Nikiiandika hivyo naona aibu kidogo, maana kazini nina wenzangu ambao wangenicheka mpaka watokwe na machozi, na mimi mwenyewe siku nyingine hucheka. Lakini wakati ule haikuwa ya kuchekesha hata kidogo, na aliyeubeba uzito wake hakuwa mimi.

Ilikuwa Durban, miaka ya mwisho ya tisini. Tulikuwa tumekimbia vita Bukavu, tukapita Kigoma, tukapita Dar es Salaam, tukapita na nchi nyingine ambazo zote nilizipita nimelala, na mwisho wa yote tukajikuta kwenye chumba kimoja cha ghorofa, karibu na bandari, chenye nondo madirishani na lifti iliyokufa kabla hatujafika. Tulikuwa mama, mimi, mdogo wangu Heri aliyekuwa bado ananyonya, na Koko. Koko ni bibi, mama yake mama. Papa alikuwa Johannesburg akitafuta kazi, na habari zake zilikuja kwa simu za watu wengine.

Chumba hakikuwa chetu. Fleti nzima ilikuwa ya Mama Debora, mwanamke wa kwetu aliyetangulia kufika, ambaye aliipanga kwa jina lake kisha akatugawia sisi chumba cha nyuma. Lazima niseme ukweli juu yake. Tulipofika na mabegi yetu, Wakongo wengine walitutazama wakatikisa vichwa, yeye peke yake akasema ingieni. Alitupa godoro, alitupa sufuria, alimnunulia Heri maziwa. Alikuwa pia kiongozi wa kikundi cha maombi, na chini ya paa lake neno lake lilikuwa la mwisho. Ukiwa huna karatasi, huna pesa na huna Kiingereza, mtu aliyekupa chumba ni zaidi ya serikali.

Na Mama Debora aliuogopa ulozi kuliko alivyowaogopa polisi. Ulozi ndiyo uchawi, kwa maneno ya kwetu. Miaka ile palikuwa na uvumi mpya uliotufuata kutoka nyumbani: kwamba walozi wameacha kuwatafuta wazee, sasa wanawatafuta watoto. Wanampa mtoto kitu cha kula au cha kunywa, kitamu, kwa upendo, na mtoto akishameza, ameshakuwa mlango. Kuanzia hapo nyumba yake haina ufunguo. Koko alinionya kila asubuhi nilipokwenda shule. Alinifunga vifungo vya sare na kusema maneno yale yale.

"Usipokee chakula ya mutu haumujue mama yake. Umesikia, Faida?"

"Nimesikia, Koko."

"Na ile ya rangi nyekundu, hata kama iko ya mwalimu, unaacha."

Nilimwitikia kama watoto wanavyowaitikia wakubwa, huku nikiwaza mambo mengine.

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi kwa mwanamke mmoja mzee wa Sweden. Watu wa jengo lake, Wazulu na Wahindi na wengine wote, walimwita Gogo Karin, yaani Bibi Karin, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mumewe, Lars, alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Walikuja Durban zamani kwa ajili ya kazi ya bandarini, wakasema watakaa mwaka mmoja, wakazeeka hapo. Lars alikuwa amekufa kabla hatujafika. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, mwanamume mwekundu wa uso mwenye masikio makubwa, na mimi nikienda kumsaidia mama siku za likizo nilikuwa nikiisalimia ile picha kwa kichwa, kwa adabu tu, kwa kuwa alikuwa anatazama.

Siku ya mkesha wa Krismasi mama alinichukua twende naye. Mimi ndiye nilikuwa Kiingereza chake. Nilivaa gauni langu jeupe la Krismasi siku moja kabla, baada ya kulia sana, na mama akakubali kwa sharti nisiketi chini.

Gogo Karin alitufungulia, akafunga mlango nyuma yetu kwa ufunguo na mnyororo, kama kila mlango wa Durban unavyofungwa, akauweka ufunguo mfukoni mwa aproni. Ndani kulikuwa na giza. Madirisha yote yamefungwa, mapazia mazito yamevutwa, na mishumaa inawaka mchana kweupe. Kumbuka huo ni mwezi wa kumi na mbili, Durban, jasho linakutiririka ukiwa umekaa kitako tu. Alinieleza baadaye kidogo, huku anajifuta shingo kwa kitambaa, kwamba kwao Krismasi ni giza na baridi, jua linazama mapema alasiri, na bila giza yeye hasikii kama ni sikukuu. Kwa hiyo kila mwaka alikuwa anajitengenezea giza lake. Mimi nilikaa pale nikiwaza kwamba sijawahi kusikia mtu mzuri anayelifukuza jua nyumbani kwake.

Jikoni sufuria mbili zilikuwa zinatoa mvuke. Kubwa ilikuwa ya mvinyo mwekundu, uliochemshwa taratibu na iliki, karafuu, mdalasini na maganda ya chungwa, na sukari. Ndogo ilikuwa ya juisi nyekundu iliyotiwa vikolezo hivyo hivyo, kwa wasiokunywa pombe. Aliniambia jina lake ni glögg. Mama alijaribu kulitamka mara moja akaacha. Kwao, alisema, haiwezekani Krismasi ikapita bila hicho kinywaji, na hakinywewi peke yako.

"Umwambie mimi sikunywake," mama akaniambia. "Dini yetu inakataa. Na nguo bado iko mingi." Akaenda zake kwenye chumba cha nyuma kupiga pasi.

Basi tukabaki wawili mezani, mimi na Gogo Karin, na vikombe vilikuwa vitatu. Vilikuwa vikombe vidogo vya kioo vyenye mkono, na chini ya kila kimoja alikuwa ameweka zabibu kavu na lozi zilizomenywa. Akanimiminia mimi kutoka sufuria ndogo. Akajimiminia yeye kutoka kubwa. Kisha akakijaza kile cha tatu, akakiweka mbele ya kiti ambacho hakikuwa na mtu.

Nilidhani ni cha mama.

Akanifundisha namna ya kunywa. Kwao huwezi tu kupeleka kikombe mdomoni. Unakiinua kifuani, unamtazama mwenzako machoni, unakunywa, halafu kabla ya kukiweka chini unamtazama tena. Usipomtazama, ni kama hukunywa naye. Tukafanya hivyo mimi na yeye. Kilikuwa kitamu, cha moto, kinachoma koo kwa karafuu. Kisha akageuka, akakiinua kikombe chake upande wa kile kiti kitupu, akakitazama kiti kwa upole sana, akanywa, akakitazama tena. Akaniashiria na mimi. Nikafanya. Nilikitazama kiti, nikanywa, nikakitazama.

"Hicho ni cha nani, Gogo?" nikauliza.

"Cha Lars," akasema. Akaeleza kwa furaha, kama mtu anayeeleza habari za harusi, kwamba watu wa zamani wa kwao walikuwa wakiwaachia meza wale waliotangulia. Usiku wa Krismasi wanarudi, wanakunywa, wanaona hawajasahauliwa. Halafu akaweka mkono wake juu ya wangu. "Umekunywa naye. Sasa na yeye anakujua."

Mkono wangu uliruka. Kilichobaki kwenye kikombe kikanimwagikia kifuani, juu ya gauni jeupe.

Sijui niielezeje ile saa iliyofuata. Nilitaka kutoka, na mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa yule yule ninayemkimbia. Nilitaka kufungua pazia, na sikuthubutu. Gogo Karin alikuwa ananifuta kwa maji na chumvi huku akinibembeleza, akanipa kijiko nile zabibu za chini, na mimi nikazila, kwa kuwa nilifundishwa kutokataa mbele ya mkubwa. Kila nilipogeuza shingo, picha ilikuwa ukutani na kiti kilikuwa pale na kikombe kilikuwa kinatoa mvuke. Mama alikuwa anaimba polepole huku anapiga mashuka pasi, na mashuka yalikuwa mengi.

Mama aliliona doa akanifokea njia nzima. Sikumwambia kitu. Niliyemwambia ni Koko, jioni ile, mama alipokwenda kuoga. Nilimwambia yote, na mishumaa, na kiti, na kutazamana.

Koko hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa godoro akanishika viganja.

"Ndani ya kikombe mulikuwa nini?"

"Zabibu. Na kitu kingine nyeupe."

"Nyeupe namna gani?"

Sikuwahi kuona lozi iliyomenywa maishani mwangu. "Kama jino," nikasema.

Nilisikia Mama Debora akicheka na wageni wake upande wa pili wa ukuta.

"Ulimuona yule mwanaume?"

"Hapana, Koko."

"Wewe haukumuona. Ye alikuona." Akavuta pumzi. "Mutu akikunywa na mufu, anakuwa amekubali. Mwaka haiishe, ule mufu atakuya kubeba mutu wa hii nyumba. Usiseme kwa mama yako. Usiseme kwa mutu. Vraiment, kweli, Faida, hata ukiulizwa na pasta."

Akalifua gauni mwenyewe. Doa likafifia, halikutoka.

Siku ya Krismasi kanisani Mama Debora aliliangalia lile doa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mhubiri. Tuliporudi akauliza moja kwa moja, mbele ya sahani za wali. "Hii iko damu ya nini?"

"Juisi," Koko akajibu kabla sijafungua mdomo, akamwongezea mboga.

Kesho yake Heri aliamka na homa. Mpaka mchana alikuwa anatapika kila anachonyonyeshwa, na anaharisha, na macho yake yamezama ndani. Ninavyojua leo, nusu ya watoto wachanga wa jengo lile waliugua msimu ule wa joto, maji ya tanki yalikuwa machafu. Siku ile hatukuwajua wale wengine. Tulimjua Heri, ambaye alikuwa ameacha kulia. Mama akamfunga mgongoni akakimbia naye hospitali, na sikukuu zile hospitali ilikuwa imejaa hadi nje.

Nilibaki chumbani na Koko. Tulikuwa tunaogopa kutazamana. Mimi nilijua kwamba nimemfungulia mtu mlango, na kwamba mtu huyo ana masikio makubwa na anajua mdogo wangu hulala wapi. Sijawahi kuogopa tena kama nilivyoogopa siku ile, na nimepita mengi. Mtu ukiogopa kitu cha nje unaweza kukimbia. Mimi nilikuwa najiogopa mwenyewe, na hilo halina pa kukimbilia.

Alasiri Mama Debora aliingia na wanawake wawili wa maombi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Alisema ameonyeshwa katika maombi kwamba katika nyumba hii kuna mtoto aliyekunywa. Akaniuliza kwa sauti ya chini. "Faida, mama, nani alikupa ile kitu nyekundu?"

Nilimtazama Koko. Koko alitazama sakafu. Basi nikaanza kulia, na kilio changu kikawa ndicho jibu.

"Tutamupeleka Isipingo," Mama Debora akamwambia Koko. "Ku nyumba ya maombi. Afunge, bamuombee, mpaka aitapike. Taxi itakuya sasa hivi."

Ile nyumba ya Isipingo tuliijua wote. Watoto walifungiwa humo bila chakula na bila maji, wakiombewa kwa zamu, na walipigwa ili kile kilichomo kitoke. Msichana mmoja wa shule yetu alipelekwa huko. Aliporudi hakuwa anaitika akiitwa jina lake.

"Mama yake hayuko," Koko akasema. "Ngoja mama yake arudi."

"Na bebe akikufa tukingoja?"

Koko akainuka, akaichukua kanga yake. Na hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawanielewi nikiwasimulia. Wanangoja niseme kwamba bibi yangu alijua ni upuuzi. Hapana. Koko aliamini kila kitu alichoamini Mama Debora, na alikuwa na sababu zaidi ya kuamini, maana yeye ndiye alijua habari za kiti. Kwa akili yake wajukuu zake wawili walikuwa kwenye mizani, na yeye hakutaka kumpoteza hata mmoja.

Taxi ilikawia, basi wakanifungia chumbani kwa nje wakaenda kuitafuta. Nilikwenda dirishani nikashika nondo. Chini kabisa, kwenye mlango wa jengo, nikamwona Koko akitoka peke yake na kanga yake kichwani. Tangu tufike Durban hakuwahi kutoka bila mtu. Aliziogopa robot, zile taa za barabarani, kwa kuwa hakuelewa ni ipi inaongea na magari na ipi inaongea na watu. Nikamwona amesimama ukingoni, amesimama, amesimama, mpaka likaja kundi la vijana wa ufukweni, akaingia katikati yao na kuvuka nao. Kisha jengo likamficha. Nilidhani ametukimbia, na wala sikumlaumu.

Alikokwenda nilikuja kusikia baadaye kwa Gogo Karin mwenyewe. Koko alikuwa amewahi kufika kwake mara moja tu. Aligonga, akafunguliwa. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Koko akaelekeza kidole kwenye picha ya Lars, akaelekeza kwenye kiti, akajigonga kifua. Gogo Karin alifurahi mno. Kwao Krismasi haiishi upesi, na tangu siku ile hakuna aliyekuwa amemtembelea. Akadhani mzee mwenzake amekuja kumpa pole na heri kwa desturi ya Kiafrika. Akapasha moto sufuria kubwa. Koko alikataa kunywa pale. Alitaka abebe, na alikitaka kikombe chenyewe, kile cha Lars. Gogo Karin akamjazia chupa ya chai, na zabibu ndani yake, akamfungia kikombe kwenye kitambaa, akambusu mashavu yote mawili. Mpaka anakufa yule bibi hakujua alikuwa amempa nini mwenzake.

Mlango wa chumba ulipofunguliwa, walikuwepo Mama Debora na wale wanawake, na taxi ilikuwa inapiga honi chini. Koko akaingia nyuma yao anahema kwa ngazi. Akaniweka nyuma yake. Akakifungua kitambaa, akakiweka kile kikombe kidogo cha kioo juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamimina. Harufu ya karafuu na iliki ikajaa chumba kizima.

"Hii njo kikombe ya ule mufu mwenyewe," akasema. "Mutoto alikunywa kando yake, bila kujua. Mimi najua. Mimi nakunywa mu kikombe yake."

"Koko, usifanye!" Mama Debora akapiga kelele kweli, kwa woga wa kweli, akamshika mkono. Koko akautoa ule mkono polepole kama unavyotoa mkono wa mtoto.

Akakiinua kikombe kifuani. Akatazama kona ya chumba, pale ambapo hapakuwa na mtu, akatazama kwa utaratibu, kama nilivyomsimulia.

"Papa," akamwambia Lars asiyekuwepo, "hawa batoto hawakujue. Hawako batoto yako. Kama unatafuta mutu, ni mimi. Mimi njo niko tayari."

Akanywa. Akatazama tena ile kona. Akamimina tena, mpaka chupa ikaisha, na hakuna aliyemgusa.

Kwa imani ya wote waliokuwa mle ndani, jambo lilikuwa limekwisha. Aliyekunywa kwenye kikombe cha mfu ndiye mwenye mfu. Mama Debora alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, hakuwa na la kunidai tena. Lakini taxi ilikuwa chini inangoja, na sasa katika nyumba yake palikuwa na mtu aliyekiri. Wakamchukua Koko.

Kumbuka kwamba ule ulikuwa wa sufuria kubwa, mvinyo mtupu, na Koko alikuwa hajaonja pombe tangu abatizwe. Alishuka zile ngazi ameshikwa huku na huku, mashavu yanang'aa, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na majirani wakafungua milango kutazama. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti nacheka, halafu nacheka vibaya.

Heri alitundikiwa maji hospitalini, akapona, akarudi nyumbani akiwa anapiga kelele za njaa. Mama Debora akasema mmeona.

Koko alirudi baadaye, amekonda, hataki kueleza. Walimfungisha kula, na mtu mwenye ugonjwa wa sukari hafungi kula hivyo, lakini hatukujua wakati ule kwamba ana sukari. Tangu hapo hakuna mtu wa fleti ile aliyepokea chakula mkononi mwake. Alipopika, Mama Debora alishukuru na kusema ameshiba. Waliokutana naye kwenye ngazi walipisha sana. Hata mama yangu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa anambeba Heri kwa haraka kidogo kila Koko aliponyoosha mikono. Mama alilia kwa hilo alipozeeka. Koko mwenyewe hakulalamika. Alikaa dirishani kwenye nondo, mahali nilipokaa mimi, akisubiri mtu wake aje.

Akaja. Majira ya baridi yalipofika, mguu wake ulipata kidonda ambacho hakikupona, kikapanda, na kabla ya Krismasi nyingine tulimzika. Hospitali walisema sukari. Mama Debora alisema mwaka haukuisha, sivyo? Na kweli haukuisha. Koko mwenyewe ndiye aliyekuwa ameniambia hivyo, ameketi kwenye ukingo wa godoro, akinishika viganja.

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nafanya kazi kwenye duka la dawa, naijua sukari kwa majina yake yote. Nimewahi kuipika glögg mwenyewe. Ni iliki, karafuu, mdalasini, ukiacha mvinyo hakuna kitu ndani yake ambacho mama hakutia kwenye chai. Siku nyingi nasema ulozi haupo. Lakini nikisema hivyo, basi Koko alikwenda kuteswa Isipingo, akakaa karibu mwaka mzima bila mtu wa kula naye, kwa sababu ya mvinyo na maganda ya chungwa, na hilo linanichoma. Siku nyingine, nikiwa nimechoka, naona afadhali niamini. Na nikiamini, basi alichukuliwa badala yangu, na hilo linanichoma zaidi. Nimekaa katikati ya hayo mawili tangu nikiwa na miaka tisa. Kila ninakosukuma ni ukuta.

Ninachoweza kukishika ni kimoja. Mimi leo najua ndani ya kikombe mlikuwa na nini, lakini yeye hakujua hivyo. Yeye alijua kwamba ni kifo. Aliifuata njia ile yenye robot akiwa anakwenda kuomba kifo kwa mtu ambaye hajui lugha yake, akakibeba kwenye chupa ya chai mpaka nyumbani, akipanda ngazi zote zile kwa miguu yenye maumivu, asikimwage. Akakinywa mbele yangu mpaka akala na zabibu za chini. Na kabla hawajamtoa mlangoni, akageuka akaniuliza kama nimekula.